Panya sita, mibonyezo 9,000: je, mlio humfundisha panya muda kuliko taa?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni juu ya tabia za wanyama. Nina panya weupe sita. Watatu nimewafundisha kwa mlio na watatu kwa taa: mlio ukianza, au taa ikiwaka, mbonyezo wa kwanza baada ya sekunde 10 ndio unaotoa punje ya chakula. Jaribio moja katika kila manne ni tupu, yaani halina chakula. Mlio au taa huendelea kwa sekunde 40 na kompyuta huandika kila mbonyezo wa wenzo. Katika siku 5 za mwisho kila panya alipata majaribio matupu 60. Nimekusanya mibonyezo yote, inafika kama 9,000. Kundi la mlio lina wastani wa sekunde 10.3 na mkengeuko sanifu 2.1. Kundi la taa lina wastani wa 12.4 na mkengeuko sanifu 2.4. Kipimo cha t kimetoa p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa namna hii kwa bahati tu) chini ya 0.001, nami nikaandika kwamba mlio humpa panya usahihi mkubwa wa muda kuliko taa. Msimamizi amenirudishia sura nzima, pembeni ameandika: 'n ni ngapi?' Nimekosea wapi? Na je, naweza kuwalinganisha panya wangu na yule simba-bahari Ronan, anayesemwa kwamba hushika mdundo kuliko binadamu?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kuweka majaribio matupu. Wengi huyasahau, na bila hayo usingejua panya wako huacha kutarajia chakula saa ngapi. Ungejua tu anapoanza. Data yako ni nzuri na haijaharibika. Kilichoharibika ni njia uliyoipitisha, na swali la msimamizi limegusa tatizo moja tu kati ya matatu. Nitalifikia, ila siwezi kuanza nalo, kwa sababu kabla ya kuhesabu ni wangapi lazima tukubaliane umepima nini.

Neno "usahihi" umelitwisha mizigo miwili. Wafikirie watoto wawili wanaopopoa embe. Mawe ya wa kwanza yote yanapita mahali pamoja, shubiri moja kulia kwa embe. Ya wa pili yanazunguka embe pande zote, moja juu, moja chini, moja linagusa jani, lakini ukichora katikati yake unalipata embe lenyewe. Wa pili analenga vizuri. Wa kwanza ana mkono thabiti. Hizo ni sifa mbili, na mtoto anaweza kuwa na moja bila ya nyingine. Wastani wa 12.4 unasema panya wa taa wanachelewa kulenga. Mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho namba zinatawanyika kuuzunguka wastani wao, ndio unaosema juu ya mkono kutulia. Kipimo chako cha t kililinganisha wastani na wastani. Kuhusu uthabiti hakikusema lolote, nawe ukakisemea.

Sasa chukua mtawanyiko wenyewe, 2.1 kwa 2.4. Kwa haraka panya wa mlio wanaonekana wametulia zaidi. Lakini saa ya mnyama haina kosa la ukubwa mmoja kwa kila muda. Katika karne ya 19 Ernst Weber, aliyefundisha Leipzig, alionyesha kwamba tofauti ya uzito tunayoweza kuihisi hulingana na uzito tuliokwisha kuushika. Ongeza gramu 100 kwenye kikapu cha nusu kilo na mbebaji atajua. Ziongeze kwenye gunia la kilo 50 na hatatambua kitu. Mwaka 1977 mwanasaikolojia John Gibbon alieleza kwamba muda katika wanyama hufuata sheria hiyo hiyo: mtawanyiko hukua pamoja na muda unaokadiriwa, kiasi kwamba ukiugawa mkengeuko sanifu kwa wastani unapata namba inayokaa karibu pale pale. Ndiyo maana Seth Roberts, aliyechapisha mwaka 1981 majaribio ya panya waliotarajia chakula sekunde ya 20 au ya 40, alipata vilima viwili kwenye grafu ya mibonyezo, cha sekunde 40 kikiwa kipana kuliko cha 20. Pima mhimili wa muda kwa uwiano badala ya sekunde, na vilima vya aina hiyo huelekea kulaliana.

Gawanya basi. 2.1 kwa 10.3 ni 0.204. 2.4 kwa 12.4 ni 0.194. Kwa kipimo hiki panya wa taa hawajazidiwa hata kidogo. Tena, kwa kuwa wao wanalenga sekunde ya 12.4, uwiano wa kundi la mlio ungetutabiria mtawanyiko wa kama 2.5, nao wameonyesha 2.4.

Usikimbilie kuandika hitimisho la kinyume, kwa sababu kuna mtego. Kugawa kwa 12.4 ni halali tu ikiwa saa ya panya wa taa ilikuwa inahesabu kwa muda wote huo. Taa si sawa na mlio. Mlio hujaza kizimba kizima, panya akiwa amegeukia ukuta atausikia. Taa anaweza kuikosa mpaka ageuke. Kama panya wako huchukua sekunde 2 na kitu kutambua kwamba taa imewaka, basi saa yake imehesabu sekunde 10.3 kama wenzake, ila ilianza kwa kuchelewa. Hapo kigawanyo sahihi ni 10.3, na 2.4 kwa 10.3 inatoa 0.233. Ghafla panya wa taa ndio waliotawanyika zaidi. Data ni ile ile, na mshindi anabadilika kulingana na sababu ya kuchelewa. Hili peke yake lingetosha kukuzuia kuandika hiyo sentensi yako.

Dawa yake ni muda wa pili. Wahamishe panya hao hao kwenye sekunde 20. Ikiwa kuchelewa ni kwa kutotambua taa, kutabaki kuwa sekunde 2.1 zile zile na kilele, yaani sekunde ambayo mibonyezo huwa mingi zaidi, kitakuwa karibu na 22.7. Ikiwa ni saa yenyewe, au kumbukumbu, inayovuta muda kwa uwiano, kilele kitasogea karibu na 24.8. Tofauti ya zaidi ya sekunde 2 utaiona bila shida. Ukiweza kuongeza na sekunde 40, fanya, kwani kwa nukta tatu unaweza kuchora mstari wa mtawanyiko dhidi ya wastani na kuona unakata mhimili wapi. Mstari usiopita kwenye sifuri unakuambia kuna kosa la kudumu lililojumlishwa juu ya kosa la saa, kama vile kuchelewa kugeuka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulishike hata kama mengine yote yatakuponyoka. Ulikusanya mibonyezo 9,000 kwenye kapu moja na kuita mtawanyiko wake mtawanyiko wa saa. Hebu mfikirie panya asiyekosea kamwe. Katika kila jaribio tupu anaanza kubonyeza sekunde ya 6.7 kamili, anabonyeza kwa kasi ile ile, anaacha sekunde ya 13.9 kamili. Jaribio la kwanza, la hamsini, la sitini, hakuna tofauti hata ya kope. Huyo ana saa kamilifu. Sasa mwaga mibonyezo yake kwenye kapu upige hesabu. Wastani: 10.3. Mkengeuko sanifu wa namba zilizosambaa sawasawa ni upana wake ukigawanywa kwa mzizi wa 12, na upana hapa ni sekunde 7.2, kwa hiyo unapata 2.08. Ukikadiria, 2.1.

Umeona? Namba zako za kundi la mlio zinaweza kutolewa na panya ambaye saa yake haiyumbi kabisa. Sisemi panya wako ni kamilifu. Hakuna panya wa namna hiyo. Ninasema kwamba 2.1 yako imechanganya vitu viwili: upana wa kipindi ambacho panya anaona inafaa kubonyeza, na kuyumba kwa kipindi hicho toka jaribio moja hadi jingine. Cha kwanza kinahusu zaidi tamaa, njaa, na gharama ya kubonyeza bure. Ni hicho cha pili ulichotaka kupima.

Kilima laini unachokiona kwenye grafu ya wastani, kinachopanda polepole, kinafika kilele na kushuka, huwa hakimo katika jaribio lolote moja. Fungua majaribio matatu ya panya mmoja uyaangalie. Utaona kimya, halafu mibonyezo mfululizo kama mtu anayebisha hodi, halafu kimya. Katika jaribio moja mfululizo unaanza sekunde ya 6 na kuisha ya 14, katika la pili unaanza ya 8 na kuisha ya 13, katika la tatu ya 9 hadi ya 17. Yajumlishe mia moja ya namna hiyo na kingo zote zinayeyuka kuwa mteremko. Russell Church, Warren Meck na Gibbon walilichambua hili jaribio kwa jaribio katika kazi yao ya 1994, na kwangu mimi huo ndio mlango wa kuingilia data kama yako. Wastani wa kundi uje mwisho kabisa.

Njia yao ni rahisi kuipanga katika R, programu ya takwimu. Kwa kila jaribio tupu, jaribu kila jozi inayowezekana ya sekunde ya kuanza na sekunde ya kuacha. Kwa kila jozi pima kasi ya mibonyezo kabla, katikati, na baada. Chukua jozi inayotenganisha vizuri zaidi kasi kubwa ya katikati na kasi ndogo za pembeni, ukizipa pande hizo uzito kwa urefu wake. Kompyuta ya kawaida itamaliza majaribio yako 360 kabla chai haijapoa. Kila jaribio litakupa namba nne: kuanza, kuacha, katikati yake, na upana. Mtawanyiko wa zile "katikati", ndani ya panya mmoja, ndio kipimo cha uthabiti wa saa unachokitafuta. Ugawe kwa wastani wake kama tulivyofanya. Au chukua logi (logaritimu) za namba hizo kwanza: kosa linalokua kwa uwiano huwa na mtawanyiko uleule ukishaingia kwenye logi, na vipimo vya kawaida vya takwimu vinakuwa na haki ya kutumika.

Zawadi nyingine ya njia hii ni uhusiano kati ya namba hizo. Kama kinachoyumba ni lengo lenyewe, yaani leo panya anakumbuka chakula kuwa kinakuja mapema kidogo na kesho baadaye kidogo, basi kuanza na kuacha vitasogea pamoja, na uhusiano wao utakuwa chanya. Kama kinachoyumba ni uvumilivu wake, siku ya njaa anaanza mapema na kuacha kwa kuchelewa, basi vitasogea kinyume. Church na wenzake walikuta uhusiano chanya kati ya kuanza na kuacha, na hasi kati ya kuanza na upana. Ukipata sura hiyo kwa panya wa mlio na sura nyingine kwa panya wa taa, una jambo la kuandika lenye thamani kuliko p yoyote.

Nitoke njiani kidogo, maana suala la panya kuvumilia muda lina jirani yake Morogoro. Panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa kifua kikuu huonyesha sampuli wanayoishuku kwa kushikilia pua kwenye tundu kwa sekunde kama 3. Hapo muda si swali la utafiti, ni lugha ya jibu lenyewe. Mpaka ukiwekwa mfupi, kusita kwa kawaida kutahesabiwa kuwa ni ndiyo. Ukiwekwa mrefu, panya aliyenusa vizuri lakini akaondoka mapema atahesabiwa kuwa hakunusa kitu. Anayeweka mpaka anapaswa kuchora migao miwili ya muda wa kushikilia pua, wa sampuli zenye ugonjwa na wa zisizo nao, na kuona inapishana kwa kiasi gani. Wastani wa muda peke yake haumsaidii, kama usivyokusaidia wewe.

Turudi kwa msimamizi na swali lake. n, yaani idadi ya vitu huru ulivyopima, ni ngapi?

Si 9,000. Mibonyezo 25 ya jaribio moja ni mfululizo mmoja wa panya mmoja aliyeamua mara moja kuanza. Si 360 pia. Majaribio 60 ya panya mmoja yanakuambia mengi juu ya panya huyo, na kidogo sana juu ya panya mwingine. Umedai kitu kuhusu mlio na taa kwa panya kwa jumla, na katika dai hilo kilichogawiwa kwa mlio au taa ni panya. Watatu kwa watatu. Kuhesabu vipimo vya mnyama mmoja kana kwamba ni wanyama wengi ni kosa ambalo Stuart Hurlbert alilipigia kelele mwaka 1984 katika ikolojia, na hadi leo linarudi, kwa sababu kompyuta hailalamiki. Unaipa namba 9,000, inakuamini.

Tuone watatu kwa watatu inaweza kusema nini. Chukua namba moja ya uthabiti kwa kila panya, sita kwa jumla. Jiulize: kama mlio na taa havina tofauti, namba hizi sita zingeweza kugawanywa watatu-watatu kwa njia ngapi? Njia 20. Hata kama panya wote watatu wa mlio wamewapita wote wa taa, hiyo ni njia moja kati ya 20, na kinyume chake ni nyingine, kwa hiyo p ndogo kuliko zote unayoweza kuipata kwa pande mbili ni 2 kwa 20, yaani 0.10. Kwa mpangilio wako, kwa njia hii isiyodhani lolote kuhusu umbo la mgao, hakuna matokeo duniani yanayoweza kufika 0.05, mpaka uliozoeleka wa kukubali kwamba tofauti si ya bahati. Kipimo cha t juu ya namba hizo sita kinaweza kukupa p ndogo zaidi, lakini kinaipata kwa kudhani umbo la mgao ambalo namba tatu kwa tatu haziwezi kulithibitisha. Ungekuwa na wanne kwa wanne, njia ni 70 na p ndogo kabisa ni karibu 0.029.

Najua hili linauma ukishalisha panya kwa miezi. Lakini tazama: panya wako wako hai, na panya sita wale wale wanatosha ukibadilisha mpangilio. Kila panya ajifunze vyote viwili, mlio na taa. Watatu walioanza na mlio sasa waende kwenye taa, na walioanza na taa waende kwenye mlio, ili athari ya kutangulia isiegemee upande mmoja. Kisha kwa kila panya chukua tofauti yake mwenyewe kati ya mlio na taa. Tofauti sita, kila moja ingeweza kuangukia upande wowote, zinatoa njia 64. Zote sita zikielekea upande mmoja, p ya pande mbili ni 2 kwa 64, karibu 0.031. Wanyama hawajaongezeka hata mmoja. Umemlinganisha panya na nafsi yake, na tofauti za panya kwa panya, ambazo huwa kubwa, zimejiondoa zenyewe. Ukipenda modeli mseto, ile inayompa kila panya wastani wake na kila siku nafasi yake, itumie. Ila jua kwamba modeli haizai panya.

Majaribio 60 kwa kila panya si kazi bure. Yanaamua namba ya kila panya ni imara kiasi gani. Kosa la kukadiria mkengeuko sanifu ni takriban mkengeuko wenyewe ukigawanywa kwa mzizi wa mara mbili ya majaribio ukitoa moja. Kwa majaribio 60 ni kama asilimia 9. Ukipata 2.1, ukweli unaweza kuwa umepungua au kuongezeka kwa 0.19 kwa bahati tu, na 2.4 kwa 0.22. Tofauti yako ya 0.3 hailizidi kosa la pamoja la 0.29 kwa kiasi chochote cha kujivunia. Watu hudhani mtawanyiko unajulikana haraka kama wastani. Ukilinganisha kosa na ukubwa wa namba yenyewe, hapa mtawanyiko unahitaji data nyingi zaidi.

Kuhusu siku tano: usizichanganye bila kutazama. Wastani wa panya husogea toka siku hadi siku, na kusogea huko kukiingia kwenye hesabu kunaonekana kama kuyumba kwa saa. Panya mwenye mtawanyiko wa 1.2 ndani ya siku, ambaye wastani wake wa kila siku unatawanyika kwa 1.0, ataonekana ana karibu 1.56 ukimwaga siku zote pamoja. Pima ndani ya siku, kisha unganisha. Na kuhusu sekunde 40: urefu huo unatosha kwa lengo la 10, lakini tazama mkia. Urefu wa jaribio tupu ukiwa ule ule daima, panya hujifunza mwisho wake na kuanza tena kubonyeza kabla haujafika, na mibonyezo hiyo ikiingia kwenye kapu huvuta wastani kwenda kuchelewa. Huenda hata sehemu ya hiyo 12.4 imetoka huko. Njia ya kuanza na kuacha itakulinda kwa kiasi fulani. Ukirudia, badilisha urefu ovyo ovyo, na ukiwahamishia kwenye sekunde 20 usibaki na jaribio la 40, litakata mkia.

Chora pia histogramu, yaani grafu ya nguzo, ya muda kati ya mbonyezo na mbonyezo. Katika maabara niliyowahi kufanya kazi swichi ya wenzo mmoja ilikuwa inadunda, mbonyezo mmoja ukiandikwa mara mbili, milisekunde chache zikipita kati. Tulikaa wiki kadhaa tukimwona panya yule mwenye bidii ya ajabu. Grafu moja ingetuonyesha siku ya kwanza: rundo la vipindi ambavyo hakuna mguu wa panya unaoweza kuvifanya.

Na sasa Ronan. Ni simba-bahari jike wa California, aliyeokolewa mwaka 2009 baada ya kukwama nchi kavu, akalelewa katika maabara ya bahari ya Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Mwaka 2013 Peter Cook na wenzake walionyesha kwamba anatikisa kichwa kwa kufuata mdundo. Lilikuwa jambo kubwa kwa sababu kabla yake ilidhaniwa kuwa ni wanyama wanaoiga sauti tu, kama kasuku, wanaoweza hilo. Mwaka 2025 walirudi na kumpima dhidi ya vijana 10 wa chuo kwa midundo 112, 120 na 128 kwa dakika, miwili kati ya hiyo ikiwa migeni kwake. Kuyumba kwake kulikuwa kwa kama milisekunde 15, na alisimama sawa na binadamu au mbele yao.

Milisekunde 15 kwa mdundo wa 120, ambao kila pigo linakuja baada ya milisekunde 500, ni asilimia 3. Panya wako wako kwenye asilimia 20. Usiwaonee. Ronan husikia pigo kila nusu sekunde, na akikosea anarekebisha kwenye pigo linalofuata. Kosa halipati nafasi ya kukua. Panya wako amepewa ishara moja na kuachwa peke yake na sekunde 10 za ukimya wa habari. Kazi ni mbili tofauti, na inawezekana kabisa hata sehemu za ubongo zinazozifanya si zile zile.

Takwimu zake pia ni nyingine. Kosa la mdundo huenda kwa duara kama mishale ya saa: kuchelewa milisekunde 490 katika mdundo wa 500 ni sawa na kuwahi milisekunde 10. Ukichukua wastani wa kawaida wa 10 na 490 unapata 250, katikati ya mapigo mawili, mahali ambapo mnyama hakugusa kabisa. Kila pigo huwekwa kama mshale kwenye duara na mishale ikajumlishwa. Urefu wa jumla hiyo ndio uthabiti, na uelekeo wake unaonyesha kama anawahi au anachelewa. Uelekeo huo una maana yake: anayesubiri kusikia ndipo atikise huchelewa kwa muda wa kuitikia, anayetabiri huwa juu ya pigo au mbele yake kidogo, kama binadamu wanaogonga kidole kwa mdundo. Na vipimo vya spidi hiyo vinadai kamera nzuri. Video ya fremu 30 kwa sekunde ina hatua za milisekunde 33, na hatua hizo peke yake huingiza kosa la karibu milisekunde 10 kwa kila tukio. Kwako wewe unayehesabu kwa sekunde hilo si kitu. Kwa anayetafuta 15 ni balaa.

Lakini utaniuliza, na ningeuliza pia: mbona Ronan ni mmoja na watu wanamkubali, nami nina sita nakataliwa? Kwa sababu dai ni tofauti. Kusema kwamba simba-bahari anaweza kushika mdundo kunahitaji simba-bahari mmoja aliyepimwa kwa ukali, mara nyingi, kwa midundo asiyoizoea. Mmoja akiweza, inawezekana. Wewe umedai kwamba kwa panya, mlio huzaa uthabiti kuliko taa. Hilo ni dai juu ya panya ambao hujawapima, na ni panya wengine tu wanaoweza kukupa haki ya kulisema. Kwa data uliyo nayo leo unaweza kuandika bila woga juu ya panya mmoja mmoja: saa yake inayumba kiasi gani, kuanza na kuacha kwake vinahusianaje, kosa la makadirio ni kiasi gani. Sura hiyo ikiandikwa kwa uangalifu itapita. Ulinganisho wa mlio na taa usubiri mzunguko wa pili, panya wakishabadilishana.

Kabla ya kuwabadilisha, keti karibu na kizimba siku moja ukiwa na daftari, panya wa taa wakiwa kazini. Kila taa inapowaka, andika panya amegeukia wapi na baada ya muda gani anageuka. Majaribio 20 kwa kila mmoja yanatosha kuanzia.